Injini ya Gari la Michezo Imeharibika: Uitengeneze au Ufunge Nyingine? Mwongozo Kamili

Kosa ni lilelile kila mara. Injini inaanza kugonga, mwenye gari anaulizia bei ya injini nyingine siku hiyohiyo, fundi anaifunga, na haipiti muda nayo inaanza kugonga. Au mambo yanakwenda kinyume: pesa zinamwagwa kwenye ovahoo (kuifungua injini na kuitengeneza upya) ya bloku, yaani mwili wa injini, ambayo tangu mwanzo haikuwa ya kuokolewa.

Watu hawa wote wameamua kabla ya kuchunguza. Hapa tutafuata mpangilio mwingine: kwanza ujue kilichoharibika, halafu kwa nini kimeharibika, na bei ndiyo iwe ya mwisho. Sehemu kubwa ya uchunguzi hufanyika injini ikiwa bado ndani ya gari, kwa hiyo usikubali ishushwe ili tu "tuione vizuri".

## Vifaa vya kuwa navyo

- Kipimo cha kompresheni chenye nyuzi zinazolingana na tundu za plagi zako
- Kipimo cha uvujaji wa silinda, pamoja na kompresa ya hewa
- Kamera ndogo ya waya, ikiwezekana ile ambayo kichwa chake hugeuka
- Kikata filta, beseni safi, kitambaa cheupe, sumaku na tochi kali
- Chupa safi ya kuchukulia sampuli ya oili
- Spana ya toki (ya kupima nguvu ya kukaza), rula iliyonyooka ya chuma na filagenji (vibapa vya kupimia nafasi ndogo)
- Mwongozo wa ufundi wa injini yako hasa, si wa injini inayofanana nayo
- Daftari

Daftari si pambo. Ukifika kwenye uamuzi utahitaji kusoma vipimo vya silinda zote kwa pamoja, na kichwa peke yake hakiaminiki.

## Hatua ya 1: Zima, na usiwashe tena

Kila mtu anataka kuwasha mara moja zaidi ili fundi asikie mlio. Usikubali. Kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika kila pistoni hupanda na kushuka takriban mara 117 kwa sekunde. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, shafti kuu ya injini) iliyolegea ikiachwa izunguke hata kidogo, krankshafti ambayo ingesuguliwa kidogo na kurudi kazini inakuwa chuma chakavu. Ikilegea zaidi, konrodi hukatika na kutokea ubavuni mwa bloku. Hapo uamuzi umeshafanywa kwa niaba yako.

Kama injini imechemsha, usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto na usimwagie maji baridi. Alumini iliyopata moto mkali ikipoozwa ghafla hupinda au kupasuka, na kuna uwezekano kwamba hedi yako (sehemu ya juu ya injini inayobeba vali) ilikuwa bado nzima.

Ita bredauni inayobeba gari juu. Usilivute kwa kamba huku gia imeingia, maana magurudumu yataizungusha injini.

Umefanikiwa ukiwa na: injini iliyopoa, na maandishi daftarini: mlio ulianzaje, mizunguko mingapi, geji ya joto ilisoma nini, taa ya oili iliwaka kabla ya mlio au baada yake. Jibu la hilo la mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Taa ikitangulia, shaka ya kwanza ni oili kukosa kufika. Mlio ukitangulia, kuna kitu kilichoanza kuvunjika chenyewe.

## Hatua ya 2: Soma oili na filta

Mwaga oili ndani ya beseni safi. Kinga sampuli katikati ya mmiminiko, si mwanzoni, kwa sababu ya mwanzo hubeba uchafu wa chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini.

Kisha kata filta. Tumia kikata filta, si msumeno: msumeno hutoa vumbi lake la chuma na utajikuta unachunguza msumeno. Toa karatasi ya ndani, ikate, ikamue, ikunjue juu ya kitambaa cheupe na uipitishe chini ya tochi kunjo kwa kunjo. Chembe chache unazozitafuta kwa macho makali hupatikana hata kwenye injini nzima. Vipande bapa vinavyometa vyenyewe karatasi inapoinama ni habari nyingine kabisa.

Pitisha sumaku:

- Kinachonasa ni chuma: krankshafti, kemshafti (shafti inayofungua vali), ringi za pistoni, cheni au pampu ya oili.
- Chenye rangi ya shaba kisichonasa ni tabaka la ndani la beringi. Likionekana, tabaka la juu lilishakwisha.
- Cheupe, chepesi, kisichonasa mara nyingi ni alumini ya pistoni au ya bloku, au tabaka la juu la beringi.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Ila angalia: ute mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake, wakati oili ya kwenye sampu ni safi, unaweza kuwa mvuke wa safari fupifupi tu. Watu wameshafungua hedi nzima kwa sababu ya ute huo.

Umefanikiwa: unaweza kutaja ni metali gani iliyo kwenye filta na kwa wingi gani. Ukikuta shaba nyingi, chukua vipimo vya hatua ya 3 kwa haraka na uelekee hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Kompresheni, kisha uvujaji

Kwa kawaida kompresheni hupimwa injini ikiwa na joto. Yako haiwashwi, kwa hiyo pima ikiwa baridi na ukubali kwamba namba zitakuwa chini kidogo. Unachotafuta ni tofauti kati ya silinda na silinda. Kama filta ilijaa vipande, izungushe kwanza kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma popote, achana na starta.

Toa plagi zote. Kata umeme wa koili na wa pampu ya mafuta. Throto iwe wazi yote, betri iwe imejaa, na kila silinda ipewe idadi ileile ya mapigo, tano au sita. Betri ikichoka katikati, silinda za mwisho zitaonekana mbovu bure.

Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya bar 10 na 13, lakini kiwango cha kuaminiwa ni cha mwongozo wako. Silinda yenye namba ndogo kabisa ikiwa chini ya asilimia 75 ya yenye namba kubwa kabisa, kuna ugonjwa. Ongeza kijiko cha chai cha oili kwenye silinda hiyo na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda umeisha. Isipopanda, elekea kwenye vali au gasketi ya hedi. Kwa injini za boksa, ambazo silinda zake zimelala, usilitegemee sana jaribio hili: oili hukaa upande wa chini tu wa pistoni.

Kipimo cha uvujaji kinasema zaidi. Weka pistoni juu kabisa, vali zote zikiwa zimefunga, ingiza hewa, halafu sikiliza inakotokea. Kwenye ekzosi ni vali ya kutolea moshi. Kwenye njia ya hewa ni vali ya kuingizia. Kwenye tundu la kumiminia oili ni ringi au silinda. Maji ya rejeta yakitoa mapovu ni gasketi ya hedi au ufa. Chini ya asilimia 10 ni vizuri sana, hadi 20 injini bado inaishi, na zaidi ya hapo kuna la kufungua.

Onyo: toa spana kwenye puli ya krankshafti kabla ya kuingiza hewa. Presha inaweza kuzungusha injini ghafla, na mkono ulioko karibu ndio utakaolipa.

Wenye Mazda RX-8, ambayo injini yake ina rota badala ya pistoni, wasitumie kipimo cha kawaida. Rota moja ina pande tatu, na kipimo cha pistoni huonyesha upande wenye nguvu zaidi tu. Kipo kifaa maalumu kinachosoma pande zote tatu; kiwango cha chini cha Mazda kwa injini hiyo ni kPa 680 kwenye mizunguko 250 kwa dakika.

## Hatua ya 4: Ingiza kamera

Shusha pistoni chini kabisa, kisha pitisha kamera kwenye tundu la plagi. Ukuta wenye afya bado una alama nyembamba za mawe ya kiwandani zinazopishana. Mikwaruzo ya wima unayoweza kuifuata kutoka juu hadi chini ni mbaya. Kichwa cha pistoni kilichosafika kama kimeoshwa, wakati wenzake wana masizi, kinaonyesha maji yanaingia. Ukingo uliolika au kuyeyuka ni mwako wa vishindo, yaani mafuta yamelipuka yenyewe badala ya kuungua taratibu.

Kwenye Porsche 911 za aina ya 996 na 997 za awali zisizo na turbo, mikwaruzo huweza kujificha sehemu ya chini ya silinda ambayo kamera ya juu haifiki vizuri. Mafundi wanaozijua hufungua sampu na kutazama kutokea chini. Ukiambiwa "silinda ni safi" na mtu aliyetazama kwa juu tu, uliza tena.

## Hatua ya 5: Fungua sampu uone beringi

Toa kifuniko cha konrodi ya silinda unayoishuku, na kingine kimoja cha kulinganishia. Beringi nzuri ina kijivu kilichopoa, bila mng'ao. Sehemu zilizoanza kung'aa zinalika. Ukiona wekundu wa shaba umetokeza katikati, imekwisha. Ukikuta beringi zimepandana moja juu ya nyingine ndani ya kifuniko, imezunguka na konrodi hiyo haitumiki tena bila kupimwa upya.

Kisha pitisha ukucha juu ya shingo ya krankshafti, kuvuka mikwaruzo. Ukucha ukiteleza, upo uwezekano wa kuisugua na kuendelea nayo. Ukinasa, inakwenda kwa fundi wa kuchonga na kupimwa. Rangi ya bluu maana yake joto limeingia ndani ya chuma, na mimi krankshafti ya bluu siirudishi kwenye injini ya kasi, hata ikipimwa ikaonekana imenyooka.

BMW S65 ya M3 na S85 ya M5 zinajulikana kwa beringi za konrodi kuisha mapema. Uzuri wake ni kwamba hubadilishwa kutoka chini bila kushusha injini nzima, mradi krankshafti haijaguswa. Ndiyo maana hatua ya 1 ina uzito.

Onyo: vifuniko vya konrodi havibadilishani, kila kimoja na chake, upande uleule. Bolti zake kwenye injini nyingi za kisasa huvutika zinapokazwa, kwa hiyo ukishazifungua weka mpya.

## Hatua ya 6: Tafuta kilichoiua

Hapa ndipo watu wengi huruka, na ndiyo sababu injini ya pili hufa. Kilichoiua ya kwanza mara nyingi hakimo ndani ya injini: bado kipo garini kinamsubiri mgeni.

Oili kukosa kufika. Kwenye kona ndefu ya kasi, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu na chujio la kunyonyea hubaki hewani. Matairi yanayoshika sana huongeza tatizo, kwa sababu gari sasa linaweza kukaa kwenye kona kwa nguvu ambayo sampu haikuundiwa. Chunguza pia chujio lenyewe: gundi ya silikoni iliyopakwa kwa ukarimu na fundi aliyetangulia huchanika na kwenda kuziba hapo. Kanuni ya zamani ya karakana ni paundi 10 za presha kwa kila mizunguko 1,000; si sheria ya kila injini, lakini ukiwa mbali nayo una la kuuliza.

Mchanganyiko mkavu (mafuta machache kwa hewa nyingi) au petroli isiyofaa. Nozeli iliyoziba, pampu ya mafuta iliyochoka, petroli ya oktani ndogo kuliko inayotakiwa, au programu ya kompyuta iliyoongezwa presha ya turbo bila kuongeza mafuta. Pistoni zinayeyuka, unanunua injini, unaiunganisha na nozeli zilezile. Zitoe zote zikapimwe mtiririko.

Joto. Pampu ya maji, feni, thermostati, paipu iliyopasuka, rejeta iliyoziba. Rejeta inayovuja huonekana. Iliyoziba kwa ndani hupita uchunguzi wa macho kirahisi.

Gia mbaya. Dereva anataka kutoka ya nne kwenda ya tatu, mkono unaingiza ya kwanza. Kidhibiti cha mizunguko hukata mafuta tu. Hakiwezi kuzuia magurudumu yasiizungushe injini. Vali hugonga pistoni, bolti za konrodi huvutika. Kompyuta za magari kadhaa, zikiwemo za Porsche, huhifadhi rekodi ya mizunguko iliyopita kiwango. Isome kabla ya kumlaumu mtengenezaji, na kabla ya kununua injini ya mtu mwingine pia.

Udhaifu wa kuzaliwa nao. Injini ya M96 ya Boxster na 911 ya 996 ina beringi ya shafti ya kati inayoweza kuvunjika na kuharibu kila kitu. Toleo la mwishomwisho lilipewa beringi kubwa zaidi, ambayo haitoki bila kuigawa bloku.

Umefanikiwa: unaweza kuandika sababu kwa sentensi moja. "Chujio la kunyonyea lilizibwa na silikoni, beringi ya silinda ya 4 ikakosa oili." Kama sentensi yako ni "ilikufa tu", usiagize chochote.

## Hatua ya 7: Pima vitu vitatu

Injini ina vitu vitatu vinavyobeba uamuzi: bloku, krankshafti na hedi. Vingine vyote hununulika.

Bloku. Swali la kwanza ni kuta za silinda zimetengenezwa kwa nini. Bloku ya chuma kama ya Toyota 2JZ-GTE au Nissan RB26DETT huchongwa na karakana yoyote nzuri na kuwekewa pistoni za ovasaizi; injini za namna hiyo ningezitengeneza karibu kila mara. Alumini yenye kuta ngumu za aina maalumu za Nikasil au Alusil, au zilizopuliziwa chuma kama VR38DETT ya Nissan GT-R, zinataka karakana yenye mashine na uzoefu wa kuta hizo hasa. Ukimuuliza fundi atazisawazisha vipi na akajibu "kawaida tu", ondoka na bloku yako.

Tundu ubavuni au ufa kwenye nafasi ya beringi kuu, ibadilishe. Kulehemu kunawezekana, lakini kwenye injini ya kasi sikushauri.

Krankshafti. Ipimwe kwa mikromita, ipimwe unyoofu kwa saa ya kupimia, na ikaguliwe nyufa kwa unga wa sumaku. Ulizia kama kuna beringi nene zaidi za kufidia chuma kinachopungua kwa injini yako kabla ya kuichonga. Kuna injini zisizo nazo.

Hedi. Weka rula kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari. Miongozo mingi huishia kwenye mpindo wa kati ya mm 0.05 na 0.1. Zaidi ya hapo huparwa, ila kila hedi ina unene wa chini kabisa. Kama ilichemka sana, omba ipimwe ugumu pia, maana alumini iliyopikwa hulainika na gasketi mpya haitadumu juu yake.

Kanuni yangu: kikiharibika kimoja kati ya vitatu, tengeneza; vikiharibika viwili, anza kutafuta injini nyingine. Isipokuwa gari ni la thamani kwa wakusanyaji wa magari na namba ya injini inalingana na ya kiwandani. Hapo bloku yenyewe ni sehemu ya thamani ya gari, na hata ukifunga nyingine, ile ya awali ipake oili, ifunge vizuri na uihifadhi.

## Hatua ya 8: Sasa hesabu

Linganisha gharama kamili na gharama kamili. Tuseme injini iliyotumika ni 100. Ongeza gasketi, bolti, oili na maji, 15. Klachi, kwa sababu gia boksi limeshashuka, 20. Kipoza oili, 10. Kufunga na kupanga kompyuta, 35. Jumla ni 180, na bado hujui ndani yake kuna nini. Ovahoo ya 170 iliyoonekana ghali mwanzoni sasa ina sura tofauti.

Namba hizo ni za mfano tu, weka zako. Juu ya ovahoo weka akiba ya robo, kwa sababu kuna kitakachogunduliwa vipimo vikianza. Juu ya injini iliyotumika ambayo hujaipima, weka akiba ya kazi ya kuitoa tena.

## Hatua ya 9: Ukiamua kufunga nyingine

Injini iliyotumika ifanyiwe hatua ya 2, 3 na 4 kabla ya kulipiwa yote. Muuzaji asiyekubali filta ikatwe ameshakujibu.

Hakikisha toleo ni lenyewe. Injini za jina moja hutofautiana kwa sensa, waya na uwiano wa kompresheni kutoka mwaka hadi mwaka. Namba isomeke na isiwe imekwanguliwa, na uijulishe mamlaka ya usajili pale sheria inapotaka hivyo.

Udhaifu wa kuzaliwa nao urekebishwe injini ikiwa bado kwenye stendi. M96 nyingine ya miaka ileile ina beringi ileile ya shafti ya kati.

Kati ya injini nzima na ovahoo ipo nusu injini: bloku iliyokwisha kufungwa krankshafti, konrodi na pistoni. Hedi yako ikiwa nzima, mara nyingi ndiyo njia ya busara kuliko zote, na ajabu ni kwamba ndiyo inayoulizwa mara chache zaidi.

## Hatua ya 10: Safisha njia, kisha washa

Beringi ikishasagika, vumbi lake limefika kila mahali oili inapopita. Kipoza oili kibadilishwe. Vijia vyake vidogo havioshwi vikaisha. Paipu zioshwe na kupulizwa, turbo ifunguliwe ikaguliwe, na kwenye gari lenye sampu kavu, ambalo oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni, tangi hilo lisisahaulike. Vali au pistoni ikivunjika, safisha na njia ya kuingizia hewa, kwani vipande hurudi nyuma.

Kabla ya kuwasha, zungusha kwa starta bila plagi na bila mafuta mpaka geji ya oili ipande. Isipopanda baada ya vipindi vichache vifupi, simama utafute sababu.

Ikishawaka, usiiache ikiunguruma kwa muda mrefu. Iendeshe kwa mizunguko inayopanda na kushuka bila kuibana, kisha mwaga oili ya kwanza mapema, kwa umbali uliowekwa na aliyeiunda. Filta hiyo nayo ikate. Unga mwembamba wa ringi mpya utauona, na hauna shida. Ukikuta shaba, zima na urudi hatua ya 5.